Gari Limebaki Ng'ambo

Mtani wangu Mihayo,

Shikamoo. Ipokee upesi kabla sijabadili mawazo. Enzi za uhai wako ulikuwa ukiidai kila asubuhi pale getini, nami nikikujibu kwamba Mgogo hamwamkii mpagazi wa Kinyamwezi. Sasa nakupa bure.

Nimetakiwa nijieleze kwa maandishi, ndani ya siku saba, kwa nini gari la halmashauri limebaki ng'ambo ya mto bila kibali. Karatasi ninayo, kalamu ninayo, na muda ninao tele, maana na mimi niko huku huku ng'ambo, nimekwama pamoja nalo. Nimeona nianze kujieleza kwako. Wao watapata nakala yenye adabu.

Mazishini nilitimiza wajibu wangu wa utani. Nililala njiani mbele ya jeneza lako nikasema hupiti mpaka uniambie spana namba kumi na saba umeificha wapi. Mkeo alicheka huku analia. Wiki iliyofuata nikapewa meza yako na magari yako yote, na ile spana nikaikuta kwenye droo, juu ya vitabu vyako vya kuandikia safari za magari. Spana nikaitoa. Vitabu sikuvigusa. Laiti ningevigusa siku ile.

Unanijua, mimi ni mtu wa kompyuta. Basi nikatengeneza jedwali: kila gari na kilomita zake, mwezi kwa mwezi, kijani kwa linalofanya kazi, nyekundu kwa lililolala. Jekundu kuliko yote likawa lile gari kuukuu lenye bomba la kupumulia lililosimama ubavuni kama mkonga wa tembo. Kila mwaka kabla ya masika ulilipeleka kituo cha afya cha ng'ambo na mapipa ya dizeli, ukaliacha huko na dereva mpaka mvua zikatike. Sisi tukaliita Mke Mdogo: anakaa mbali, anakula, na kazi yake hatuioni. Wewe ulijibu neno moja tu: "Mvua haingoji kikao." Nikadhani ni maneno ya wazee.

Nikapeleka jedwali kikaoni. Nikasema, kwa sauti ya mtu aliyetoka mafunzoni, kwamba haiwezekani gari lilale masika yote wakati elimu wanahangaika kusambaza mitihani na kilimo wanagombania usafiri wa mbolea. Nilipigiwa makofi, mtani. Makofi! Mke Mdogo akarudishwa mjini, akapangiwa kazi kila siku, akawa kijani kibichi.

Kisha mvua ikanyesha.

Siku tatu tu, mbuga ikawa ziwa na kivuko cha mawe kikapotea. Asubuhi ya siku ya nne muuguzi wa ng'ambo, Kalunde, akapiga simu: mama ana uchungu tangu jana, mtoto amekaa vibaya. Tukatoka na Mke Mdogo mbio. Tukafika mtoni, tukasimama. Upande wa pili walikuwa wamemleta kwa mkokoteni wa ng'ombe. Tuliwaona. Walituona. Katikati maji, rangi ya chai ya maziwa, yanapita na miti mizima.

Gari lingekuwa upande ule, lingeshika njia ya msituni mpaka hospitali ya wilaya jirani, saa mbili tu. Ng'ombe wakaishika njia hiyo hiyo, wakatembea mpaka jua likazama. Mama alipona. Mtoto hakupona.

Masika yalipokatika nilikwenda kumpa pole baba wa mtoto, anaitwa Shija. Hakunitukana. Alinikaribisha kigoda, akasema, "Mzee, gari tuliliona. Jeupe kabisa. Gari zuri."

Heri angenitukana.

Sasa sikia ya mwaka huu, unisaidie hasira, maana zangu zimeniishia. Nilikwenda kikaoni mapema kuomba Mke Mdogo arudi ng'ambo. Nikaoneshwa jedwali langu mwenyewe! Wamelichapisha, wamelibandika ukutani, wageni wakija wanapelekwa kulitazama. "Wewe ndiye uliyetufumbua macho," akaniambia bwana mipango, anatabasamu kabisa. Nikawaeleza habari ya mto. Wakasema ile ilikuwa bahati mbaya. Nikasema bahati mbaya gani inayokuja kila masika, mahali pale pale? Wakasema niandike andiko. Nikaandika. Wakasema liambatane na takwimu. Takwimu za nini, mtani? Za kilomita ambazo gari halikwenda kwa sababu lilikuwa linangoja?

Na kila idara msimu wake ni huu huu. Mitihani, mbolea, chanjo, kila mmoja anaapa kwamba yake ndiyo dharura. Halafu ukaja ugeni, magari yote yakaoshwa yakapangwa mstari kama maharusi, kazi zikalala siku mbili. Wewe ungejiingiza chini ya gari ukajifanya unatengeneza kitu. Mimi kitambi hakiniruhusu.

Siku hiyo nikarudi mezani kwako, kichwa kinaniuma, nikafungua droo kutafuta dawa. Nikavitoa vile vitabu. Tarehe ya kwenda umeandika vizuri, kwa namba. Tarehe ya kurudi, kwa ule mwandiko wako wa miguu ya kuku: *Mvua ikikatika.* Nikafungua cha mwaka wa nyuma yake. *Mvua ikikatika.* Miaka yote! Na chini yake sahihi za wakubwa, mmoja baada ya mwingine. Hakuna aliyewahi kukupa kibali, mzee wewe. Ulijua tu kwamba safu ile haisomwi na mtu. Na mimi nilikuwa nakuona mtu wa spana.

Kwa nini hukuniambia? Tulikunywa chai pamoja kila siku, ukanisema mpaka ninavyofunga viatu, lakini hili ukalifungia kwenye droo. Hapo nina ugomvi na wewe, na utani haumo.

Wiki iliyopita Wasukuma wakaanza kuwatoa ng'ombe wao mbugani. Nikakumbuka kwamba ndiyo ilikuwa kalenda yako. Nikajaza fomu ya kupeleka chanjo ng'ambo, na kwenye tarehe ya kurudi nikaandika maneno yako yale yale, kwa herufi kubwa zinazosomeka. Ikasainiwa huku mkubwa anaongea na simu.

Tulipofika kwenye kivuko, dereva Nasoro akapunguza mwendo. "Bosi, tukivuka na mawingu haya hatugeuki." Nikamwambia ndiyo maana tunavuka. Akacheka mpaka akaegemea usukani: "Basi marehemu amekupanda kichwani!"

Mimi nilipanga kurudi kwa pikipiki jioni ile ile. Mpango safi, kama jedwali. Sijamaliza ugali wa Kalunde, mvua ikashuka.

Leo ni siku ya tano. Kivuko hakionekani. Ile barua yao nimetumiwa picha yake kwa simu. Mke Mdogo amesimama chini ya bati, hajatembea hata kilomita moja, na Kalunde ameanika kanga kwenye mkonga wake. Jana alikuja Shija. Alilizunguka gari polepole, akaligonga boneti kwa kiganja kama anavyompiga ng'ombe mgongoni. Akauliza, "Lina mafuta?" Nikasema limejaa. Akasema, "Haya," akaenda zake.

Sijawahi kupigiwa makofi yaliyonifaa kama hayo.

Pumzika, mpagazi. Mzigo wako nimeubeba, ingawa mgongo wa Kigogo unalalamika. Nakuahidi: wakiniacha kazini, kila mwaka ng'ombe wakitoka mbugani, gari litavuka. Wakinitoa, vitabu vyako nitaviacha juu ya meza, siyo kwenye droo, ili anayekuja asijifunze kwa mtoto wa mtu. Na lile jedwali nitalibandua ukutani kwa mkono wangu, hata kama nitaitwa tena kujieleza.

Wamenipigia sasa hivi kuuliza mimi na gari tunarudi lini. Nikawaambia wasome fomu.

Mtani wako,
Mgogo