Kabla Hujaamua Nirudi Narung'ombe

Zahanati ya Lionja,
Nachingwea,
14 Agosti 1954.

Mpendwa Mjomba Saburi,

Asalam aleikum. Natumaini barua hii inakukuta mzima huko Muheza, na kwamba ule mgongo umepunguza kukusumbua. Mkemjomba Asumini hajambo? Watoto wanakua? Sisi huku tunashukuru. Idi ya kuchinja tumeila wiki hii, na kila sinia lilipotua dada yako alikutaja.

Muhogo umekubali mwaka huu, na mikorosho imeanza kutoa maua.

Mjomba, najua Mama amekwisha kukuandikia kwamba niache kazi ya ukunga nirudi nyumbani Narung'ombe. Anasema marehemu ananifuata. Kwa kuwa neno lako ndilo litakalokata shauri, nimeona usikie na upande wangu.

Marehemu huyo ni Mama Lusiana, mkunga aliyenipokea hapa zahanati nilipokuwa sijui hata kushika mkasi. Alikuwa mkali. Alinitanguliza mbele ya mzazi, yeye akasimama nyuma yangu. Nikigeuka kumtazama, alisema, "Mimi siumwi, Swaumu. Mtazame anayeumwa." Nikikaribia kukosea, alikohoa tu, basi. Alikuwa akisema siku moja zahanati hii itakuwa mikononi mwangu, na nilidhani ananitania.

Masika haya yaliyopita akashikwa na homa. Barabara ya Nachingwea ilikuwa imekatwa na maji, hakuna gari lililoweza kupita. Tulimuuguza mimi na Mwanawetu, msichana aliyekuja kujifunza baada yangu. Asubuhi moja mkojo wake ukatoka mweusi kama kahawa. Nilitaka kuuficha, akanishika mkono.

"Leta nione. Haya, mgonjwa huyu ana nini?"

Nikainama kutandika shuka lake upya.

"Sema, mwanangu. Watu watakuja kwako, nao watataka kuambiwa."

"Ni homa ya mkojo mweusi, Mama."

"Atapona?"

Mjomba, nilimwambia ukweli usoni pake. Akaitikia kwa kichwa, kama afanyavyo mwalimu akiridhika, kisha akaomba maji. Kabla ya magharibi alikuwa amekata roho.

Tangu hapo sijatulia. Wanawake wa mbali ambao hawajapata habari hufika mlangoni wakaita, "Hodi, Mama Lusiana!" nami mwili mzima hunisisimka. Nikiwa nafunga kitovu cha mtoto, mchana kweupe, nasikia mtu akikohoa nyuma yangu. Nikigeuka ni ukuta. Siku moja Mwanawetu aliniuliza, "Dada, umesikia?" Nikamtuma maji ya moto.

Wakati wa kuvuna ufuta waliletewa mke wa Jumaa, jirani yetu hapa. Nasema waliletewa, wala sisemi tuliletewa, maana sikujiona bado kuwa mwenye zahanati. Mtoto alikuwa amekingama tumboni, na mkono ulikuwa umetangulia kutoka. Mama mkwe wake akashikilia asubiriwe, kwamba dawa za nyumbani zingemgeuza. Kile kikohozi nikakisikia tena. Nikasema, "Anakwenda Nachingwea sasa hivi, na mimi nakwenda naye." Tukasimamisha lori la mnunuzi wa ufuta, tukamlaza juu ya magunia. Njia nzima nilikuwa nimemshika mzazi mkono, nikiogopa kutazama nyuma ya lori. Huko hospitali walimpasua. Mwenyewe akapona. Mtoto alitoka amekufa.

Mama mkwe akarudi akieneza kwamba Lusiana ndiye aliyemchukua mtoto, kwa kupitia mikono yangu. Maneno yakafika Narung'ombe, na Mama akaja mbio na hirizi. Nimeivaa kwa ajili yake. Wanawake wakaacha kuja. Mimi na Mwanawetu tulikuwa tukichemsha vyombo visivyotumika, tukitandika vitanda visivyolaliwa. Sikuwahi kujua kwamba chumba kitupu kinaweza kukulaumu.

Aliyetuokoa ni mke wa Jumaa mwenyewe. Alipopata nguvu alikwenda gulioni, akaingia katikati ya wanawake wanaouza muhogo, na mkwewe akiwepo. Akainua kanga kidogo wauone mshono. "Mimi nilikuwa maiti," akasema. "Anayesema Swaumu anaua, aseme mbele ya kovu hili." Kesho yake alikuja zahanati akimvuta mdogo wake, Mwantumu, kwa mkono. "Huyu anaitaka kazi yako. Mfundishe, na usimwonee huruma."

Sasa ninao wawili, Mjomba, na wazazi wameanza kurudi mmoja mmoja. Siwezi kukudanganya kwamba hofu imekwisha. Bado nasikia ninayoyasikia, na sijui kama ni marehemu au ni moyo wangu. Wasichana hawa nao wananitazama usoni wakitaka kujua kama naogopa.

Nisalimie mwanao Abdulatifu, mwambie asome kwa bidii. Mwanawetu anakusalimu ingawa hamjaonana, na bibi anauliza utakuja lini. Mwenyezi Mungu awalinde mlalapo na muamkapo, na arudishe nyuso zenu nyumbani.

Ukiamua nirudi, nitarudi; wewe ni mjomba wangu na sijawahi kukuvunjia neno. Ila nakuomba, katika barua hiyohiyo, unitajie na jina la mtu atakayewafungulia mlango wanawake hawa.

Mpwa wako akupendaye daima,

Swaumu binti Abdalah