Paji la Yona

Mkonze, Dodoma

Mama yangu,

Shikamoo. Mbukwa, mama. Naomba barua hii ikukute umekaa na mguu umeunyoosha, kama mganga wa zahanati alivyokuagiza, na siyo umejitwika ndoo kwa ubishi wako. Baba naye shikamoo yake. Bibi mpeni ya kwake kwa Kigogo na kwa sauti, maana mnasema siku hizi sikio moja limegoma. Mvua imewafikia huko Chunya? Huku mawingu yanakuja, yanatutazama, yanaondoka. Mimi ni mzima. Kazi ya kuchomelea mageti kule Kizota ninayo, na vumbi la Dodoma ninalo.

Sechelela mdogo wangu, wewe ndiye msomaji, kwa hiyo usiruke mahali hata mama akiguna. Nimeandika kwa sababu haya siyo ya kusema kwenye simu ya dukani, mmefungulia sauti kubwa na nusu ya kijiji imekaa juu ya magunia inasikiliza. Kila mara mnaniuliza mtaniona lini kwenye televisheni, na kila mara nasingizia mtandao. Leo nawajibu.

Mnajua jioni nikitoka kazini huwa nakwenda Makole kufanya mazoezi ya kuigiza na wenzangu. Huko ndiko tulikosikia kwamba wamekuja watu kutengeneza tamthilia ya familia ya Wagogo wafugaji, na kwamba watairekodi hukuhuku, kwenye vijiji vya nje ya mji. Mhusika mkuu ni kijana mchungaji anayekataa ng'ombe wa baba yake wauzwe. Mama, niliposikia hivyo nikasema huyo ni mimi. Nimechunga tangu meno ya utoto, nimeswaga ng'ombe na baba tulipohama kutoka huku kwenda Chunya kufuata malisho, Kigogo ninakijua na zeze napiga. Sijawahi kutaka kitu maishani kama nilivyoitaka nafasi ile.

Mama mmoja aliyekuwa anachagua waigizaji, wote wanamwita Madamu, alisema picha za simu hapokei. Anataka picha mpya za studio, uso mtupu, nyuma pasiwe na kitu, ili aone sura ilivyo. Basi nikaenda studio ya pale Makole. Shati niliazima kwa fundi wetu mkuu, uso niliusugua mpaka masizi yakatoka kwenye kope. Mpiga picha ni kijana wa Dar, mcheshi sana, anakuita kaka kabla hujakaa. Akanipaka poda, akaniwashia taa yenye mwavuli mweupe, akaniambia niinue kidevu, nishushe bega, nifikirie mtu ninayempenda. Nilikufikiria wewe unakamua maziwa. Usicheke, Sechelela.

Alipomaliza akanigusa paji la uso akaniuliza, "Hapa ulianguka?" Nikamweleza kwamba sikuanguka, kwamba ni alama yetu Wagogo, bibi aliniwekea kwa chuma cha moto nilipokuwa mtoto naumwa macho, na kwamba zamani hapa Dodoma ungeikuta kwenye kila paji. Akaitikia "aah, sawa, sawa," kama mtu anayesikiliza redio ya jirani.

Baadaye akaniita nije kuona kwenye kompyuta. Mama, alama haikuwepo. Paji lilikuwa jeupe na laini, limenyooshwa kama shuka la hoteli. Nikamwambia airudishe. Akasema ameshazituma kwenye anwani ya Madamu niliyompa, ili nisichelewe, na kwamba nimshukuru. "Kaka, nimekusafisha. Hakuna anayepeleka picha yenye doa."

Doa! Nilitaka kumkunja. Lakini niliitazama ile picha tena, na nasema kweli, nilipendeza. Nikajiambia labda yeye anajua soko kuliko mimi, nikaenda zangu Mkonze. Usiku nikamtumia Sechelela kwenye simu ya dukani, naye akajibu, "Huyu nani?" Nilikununia, mdogo wangu. Ulikuwa umeona vizuri kuliko sisi wote.

Simu ilikuja nikiwa naning'inia kwenye geti la mtu. Niende kijijini wanakorekodia, asubuhi, na nguo nyepesi. Hawakusema zaidi na mimi sikuuliza, maana moyo ulishajijibu. Karakana nzima ikanipongeza. Fundi mkuu akaniachia lile shati moja kwa moja, akasema staa hawezi kurudisha nguo.

Nilipofika, Madamu alinitazama, akaitazama picha, akanitazama tena hapa katikati ya paji. Akauliza mbona kwenye picha sina. Nikamweleza. Alifunga macho kidogo, akasema ile sehemu ya mchungaji alikuwa ameshampa mtu mwingine, kwa sababu wote waliotuma picha walikuwa na sura za mjini, na kama ni sura za mjini basi heri achukue yenye jina. Mimi aliniita niwe mmoja wa watu wa mnadani, wanaopita nyuma na kubeba mbuzi.

"Ungekuja na uso wako, Yona," akaniambia, "tungezungumza mengine."

Nikasema nitabeba mbuzi. Si nimekuja kuigiza? Lakini haikuishia hapo. Mwenye jina ni kijana mwingine wa Dar, anafuatwa na watu wengi kwenye simu, ng'ombe anawaogopa mpaka wale ndama. Dada wa kupaka rangi alikuwa anahangaika kumchora alama pajini, inatoka kama kifungo cha koti. Wakaniita. Wakanikalisha kwenye kiti, tukatazamana na yule kijana magoti kwa magoti, dada akawa anatazama paji langu, anachora paji lake. Na mimi, mwanao, nikamsaidia. Nikasema panda juu kidogo. Nikasema isiwe duara kamili, ya kweli haiwi duara kamili. Yule kijana akaniuliza kwa upole kama iliuma. Nikamwambia sikumbuki, muulize bibi.

Ilitoka vizuri sana. Walipiga makofi.

Kisha mwongozaji, mzee mmoja mwenye kofia, akanijia pembeni akanishika bega. Alisema samahani, hata mnadani hatanihitaji tena. Nikipita nyuma ya yule kijana, mtazamaji ataona ya kwangu na ya kwake, na atajua ipi ni ya rangi. Alisema wanipe chakula kabla sijaondoka. Nilikataa wali wao, mama, na njaa nilikuwa nayo.

Nina uchungu, siwezi kukuficha. Studioni niliambiwa nina alama mno, kule nikaambiwa ni ya kweli mno. Na nchi yenyewe ni hii hii ya babu zetu, ambako bibi alisema nikiwekewa hiyo nitajulikana popote tutakapohamia. Sechelela, sehemu hii usimtafsirie bibi. Mwambie tu Yona macho yake ni mazima.

Nisalimie baba mdogo anayechunga na baba, mwambie zeze lake bado ninalo. Shangazi mpika pombe nisalimie, na mjomba mwinjilisti aendelee kuniombea, ila aache kunitangaza kanisani. Wake wa kaka na watoto wao wote, kila mmoja kwa jina lake. Ndani ya bahasha kuna picha aliyonipiga mwenzangu wa karakana kwa simu, nina masizi mpaka shingoni. Hiyo ndiyo mbandike ukutani. Ile ya studio, Sechelela, ifute.

Tamthilia ikianza kuonyeshwa, mtakwenda kuitazama dukani, najua siwezi kuwazuia. Shangazi ataona mchungaji ametokea na fimbo yake, atasema huyo si Yona wetu. Mama, wewe mwambie sura ni ya watu, fimbo ni ya watu, lakini pale katikati ya paji ni mwanangu.

Mwanao anayekupenda,
Yona