Kombe Linywewe Njiani

Muscat

Kwako kaka yangu Bakari,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, na safari hii siombi kwa mazoea. Mimi hapa sijambo, napikia watu na bibi mwenye nyumba bado haridhiki na chumvi yangu. Mama hajambo? Miguu yake je?

Naandika kwa sababu simu unanikatia kila nikitaja kifua chako. Wifi Zuhura kanieleza. Ukibeba gunia la nazi unasimama umeshika kifua, jasho linakutoka, mkono wa kushoto unakufa ganzi. Wewe unasema gesi, unakunywa tangawizi.

Gesi gani hiyo, kaka? Si ndiyo ile ile ya baba! Asubuhi ya arusi ya mdogo wetu Rukia, baba alisema kifua kizito kama kawekewa jiwe. Ukasema ni husuda ya watu. Akaitwa mwalimu, akaandika aya kwa zafarani kwenye sahani, zikaoshwa, baba akanywa kombe hilo, mkakaa kungoja. Nilikupigia nikilia, mpelekeni hospitali Pangani. Ukanijibu, "We Mwanaidi, mgonjwa hatolewi nyumba ya arusi kabla ya nikaha, ni nuksi hiyo! Ngoja bwana arusi aingie." Akaingia, na pilau likaliwa. Baba kupakiwa garini ni alasiri, midomo imeshabadilika rangi.

Daktari aliwaambia moyo ulikosa damu tangu asubuhi, na muda wote mliongoja ulikuwa unakufa kidogo kidogo. Mkarudi na maiti yake mkisema ni kazi ya Mungu. Ni kazi ya Mungu, sikatai, lakini kungoja kulikuwa kazi yenu. Nina uchungu nawe mpaka leo.

Kombe silikatai, nami nimelelewa nalo. Lakini linywewe njiani, ndani ya gari. Nenda wiki hii wakupime moyo, ungali unatembea kwa miguu yako.

Mama mbusie mikono. Rukia na mumewe wasalimie sana. Sina kinyongo nao, ila picha za arusi yao sijaweza kuzitazama.

Na wifi Zuhura, mkeo, msalimie bila kumgombeza. Nimemwambia siku kifua kikikubana tena asikuombe ruhusa wala asingoje shauri la wanaume. Amekwishazungumza na jirani mwenye gari. Utabebwa, kaka, hata ukitukana njia nzima.

Mdogo wako unayemkatia simu,
Mwanaidi