Kibofu Ulichokipuliza

Mwangaluka, Baba.

Pamba ya msimu huu tumeivuna bila wewe. Bucha analisimamia Baba Mdogo, na wateja wanamlalamikia kwamba anawapimia mifupa mingi kuliko wewe. Mama hacheki kama zamani.

Nakuandikia kuhusu zile meli za angani. Unakumbuka nilivyokusomea kwamba kabla ndege hazijaanza kuvusha abiria bahari, watu walisafiri kwa maputo marefu kuliko ghala la pamba, wakilala vitandani na kula mezani huku mawingu yakipita dirishani? Ulicheka mpaka ukakohoa. "Ingepita hapa Bariadi, watu wa Malampaka wangesahau treni yao!" Nilipokwambia kwamba nje zilivikwa kitambaa cha pamba, na mifuko ya gesi ilitengenezwa kwa utando wa utumbo wa ng'ombe, ukaacha kucheka.

"Hapo wamesema kweli. Utumbo wa ng'ombe hauvuji."

Kesho yake ulirudi kutoka buchani na kibofu cha ng'ombe. Ukakipuliza kama ulivyotupulizia tulipokuwa wadogo tupate mpira, ukakifunga kwa uzi na kukitundika msumarini kikauke. "Siku utakapozieleza meli zako kwenye maonyesho ya shule, nitakuja mwenyewe kukushikia. Wasije wakasema binti wa muuza nyama ni mwongo."

Hukufika, Baba. Kifua kilikuwahi.

Tangu tukuzike, Mama hakuruhusu mtu akiguse. Alisema ndani mna pumzi yako. Sikumwomba. Nilichora picha tu, nikajiandaa kwenda mikono mitupu. Lakini asubuhi ya maonyesho nilimkuta amekishusha, amekifunika kwa kitenge chake.

"Aliahidi kwenda," alisema. "Mpeleke."

Shuleni nilieleza yote, hata ya kuhuzunisha: kwamba gesi ile nyepesi ilishika moto, abiria wakafa, na watu wakaziacha meli hizo. Wenzangu waliguna nilipotaja utumbo. Nikakiinua kibofu. Mmoja akapiga kelele, "Kipasue tuone!" Nikasema hapana. Nikakifunika tena kwa kitenge cha Mama.

Kimerudi msumarini, kizima. Mwalimu anasema siku hizi wapo wanaozijenga upya meli hizo, kwa gesi isiyoungua. Nitaendelea na fizikia, Baba. Mama amekubali.

Lala salama. Siku nitakayopanda meli hiyo, nitakipakata mapajani, upande wa dirishani.

Binti yako.