Wimbo wa Taifa Ndani ya Ukungu

Kemunto mjukuu wangu,

Sisi hapa Nyacheki tu wazima. Babu yako bado anagombana na redio. Unauliza wimbo wa taifa ulitoka wapi. Kitabu chako kinaisifu kamati iliyoutunga. Kamati ilipanga maneno tu; tuni yenyewe waliikuta ipo.

Nilikuwa na miaka tisa, nikichuma majani chai na mama, asubuhi yenye ukungu mzito. Ghafla tukasikia wimbo wa taifa ukiimbwa polepole, kwa maneno tusiyoyajua, na mwimbaji haonekani. Shuleni tulifunzwa kusimama ukiimbwa, kwa hiyo nikasimama wima. Mama naye akasimama, na majirani shamba zima, vikapu mgongoni.

"Ni mzimu," mama akanong'ona.

"Nani anaharibu wimbo wa serikali?" mzee wa kijiji akafoka. "Chifu atakufunga!"

Aliyejibu alikuwa mke wa mwalimu wetu mgeni, mama wa kabila la Wapokomo kutoka Mto Tana.

"Wa serikali, mzee? Huu ni wa kulaza watoto. Mama aliniimbia kabla bendera haijashonwa. Nifungeni, lakini mwanangu ana homa. Wacha alale kwanza."

Akaendelea kuimba. Mzee akavua kofia. Tukabaki tumesimama ndani ya ukungu, hatuonani, mpaka mtoto akaacha kulia, akalala.

Sijawahi kusimama namna hiyo kwa ajili ya rais yeyote.

Nyanya yako