Mzee Asiye na Watoto

Ilala, Dar es Salaam
Jumapili

Kaka Pius mpendwa,

Shikamoo. Natumaini wewe, wifi na watoto hamjambo huko Masasi, na korosho zimewapa chochote mwaka huu. Sisi huku tunapumua. Barua hii nimempa kondakta wa basi, maana kwenye simu ungenikatia kabla sijafika mwisho.

Kidonda cha mguu wa Baba hakikupona. Unamjua alivyo, alikuwa akikifunga kwa mabaki ya vitambaa na kuendelea kukanyaga cherehani, akisema ni mchubuko tu. Kumbe ni sukari. Madaktari wanasema vidole vitatu vikatwe Alhamisi. Tukichelewa, utakuwa mguu mzima.

Bosi wangu Khalfani, mwenye duka la vyombo hapa Kariakoo, alipata kidonda kama hicho mwezi mmoja na Baba. Alitoa kadi ya bima, akalazwa chumba cha peke yake, na leo amekaa kaunta na vidole vyake vyote kumi. Simwonei wivu, ni mtu mwema kwangu. Ila nikiiona miguu yake kwenye kandambili, nachefukwa.

Sisi tulianza kwa kulipa. Faili, vipimo, dawa, mpaka bandeji. Pesa za zamu yangu kwenye mchezo wa kuchangiana zikaisha, friji nikaliuza. Ndipo pale hospitali wakaniambia wazee wana msamaha wa malipo, nilete tu barua ya serikali ya mtaa kwamba mzee ni asiyejiweza.

Mtendaji wa mtaa aliniuliza kwanza kama ana watoto. Nikasema tupo wawili. Akafunika kalamu yake, akaniambia mwenye watoto anajiweza. Nikamweleza kwamba mimi nauza kwenye duka la mtu na wewe ni mkulima. Akasema fomu haina nafasi ya maelezo. Kaka, nilitoka pale nikitema mate. Kumbe mtu akizaa anahesabiwa amejenga nyumba ya kupangisha.

Sasa nisikilize, usikasirike. Wiki iliyofuata nilirudi nikamkuta msaidizi wake. Nikasema mimi ni jirani tu, na mzee huyu hana mtoto hata mmoja. Muhuri ukagongwa hapo hapo.

Sikumwambia Baba. Dada wa ustawi wa jamii aliisoma ile barua kwa sauti mbele ya kitanda, akamuuliza kama ni kweli. Baba alinitazama, akanitazama tena, kisha akajibu, "Ni kweli. Sina."

Hatulipi tena. Lakini tangu siku hiyo ananiita jirani, hata tukiwa wawili tu. Jana nilipomnawisha aliniambia, "Ahsante, jirani. Ningekuwa na binti, angenifanyia hivi." Sijui kama ananilinda nisikamatwe au ananiadhibu. Hao wenye fomu zao wananitia kinyaa, na mimi mwenyewe najitia kinyaa.

Karatasi ya upasuaji inataka sahihi ya ndugu, jirani haruhusiwi. Kwa hiyo panda basi, ufike Jumatano. Sema wewe ni mpwa wake. Nimeuliza: kwa mila ya kwetu mpwa ndiye mrithi, lakini kwenye fomu yao ya msamaha hahesabiwi kama mtoto.

Na ukiingia wodini, kaka yangu, jikaze. Usimwite Baba.

Nisalimie wifi, na wanao uwabusu kwa ajili yangu. Safari njema.

Mdogo wako,
Hyasinta