Kiyoyozi cha Chumbani kwa Mama

Jumatatu, 4 Machi
Kiyoyozi cha chumbani kwa Mama kimegoma kuzimika. Nimebonyeza rimoti mpaka kidole kinauma. Nimebadilisha betri. Wapi! Taa yake ndogo inazimika, baridi inaendelea kumwagika. Mama kajikunja chini ya mablanketi, mrija wa oksijeni puani. Anasema hasikii baridi. Meno yanagongana!

Jumanne, 5 Machi
Nimezima swichi kuu ya chumba. Kiyoyozi kimya — na mashine ya oksijeni nayo kimya! Mama kanitolea macho. Nikawasha mbio, roho mkononi.
Ili mashine isizimike, nikavuta umeme wa sebuleni kwa ekstensheni. Ikapata moto, ikanuka. Nimeitupa.
Kaka, aliyetuletea kiyoyozi hiki kama zawadi, kanipa ushauri kwa simu: bonyeza pa kuzimia. Asante sana, bosi.

Jumatano, 6 Machi
Kikohozi cha Mama kimerudi. Sijalala. Kazini nimesinzia mbele ya mteja.

Alhamisi, 7 Machi
Fundi kaja. Kafungua, kachungulia. Kuna kifaa ndani kimeshikana, hakiachii umeme. Atakibadilisha kesho, lakini lazima azime chumba kizima. Kwa hiyo Mama ahamie sebuleni na mashine yake.
Mama hataki. Sebuleni wanakaa wageni, yeye hajawa kitu cha kutazamwa na mrija puani.
Nikapandisha sauti. “Mama, nimechoka!”
Mama akajivutia blanketi. Hata fundi akajifanya anatafuta bisibisi.
Sijawahi kumfokea. Nikatoka nje, nikasimama tu.

Ijumaa, 8 Machi
Asubuhi Mama kanyoosha mkono mwenyewe. “Nishike basi. Taratibu.” La jana hakuligusa. Tukajikokota hadi sebuleni, mimi na yeye na mashine, kama tunahama nyumba.
Fundi akazima chumba, akapanda ngazi. Mimi nikaishikilia. Mama akaita: njoo ukae.
“Nashika ngazi, Mama.”
“Ngazi ina miguu yake. Wewe lini umekaa?”
Nikaendelea kushika. Fundi akacheka: nenda, dada, sianguki.
Nimekaa. Mama kaniwekea miguu mapajani, ya baridi kama bomba. Nimeisugua mpaka imepata joto. Sasa anasinzia, hakohoi. Naandika kwa mkono mmoja.
Fundi anaita kutoka chumbani: “Dada, njoo uwashe swichi tujaribu!”
Nimeitikia nakuja. Sijainuka.
Anaita tena.